Kileo na Mwenzi Wake

Watu wengi wakizungumza juu ya pombe huzungumza kama mahakimu: ama wanaihukumu yote, ama wanaiachilia yote. Mimi sikusudii kufanya mojawapo. Asiyekunywa kwa ajili ya dini au afya yake namheshimu, wala simshawishi aanze. Ninachotaka kueleza ni jambo dogo zaidi, nalo ni kwamba katika vileo vikali, kinachomjulisha mnywaji si chupa aliyoichagua, bali ni kile anachoichanganyia.

Kileo changu mimi ni Konyagi. Naitaja bila haya, ingawa nina marafiki ambao wakifika hotelini huona ni lazima waagize wiski ili waonekane. Jina lenyewe lina mchezo ndani yake. Konyagi ya kwenye kamusi ni brandi ya Kifaransa, iliyopewa jina la mji wa Cognac, hutengenezwa kwa zabibu na rangi yake ni ya kahawia. Hii yetu ya Dar es Salaam haihusiani na zabibu wala na Ufaransa. Ni nyeupe kama maji, na ladha yake iko karibu na jini. Ukali wake ni asilimia 35, chini kidogo ya wiski za kawaida zenye asilimia 40.

Kila kileo kina mwenzi wake. Wiski naipenda kwa maji matupu, sawa kwa sawa, bila barafu. Baridi huiua harufu, na harufu ndiyo nusu ya wiski. Anayeimiminia soda nyeusi amenunua kitu cha ghali ili akifiche. Brandi ninaielewa zaidi nikiwa nyanda za baridi, jioni ukungu unaposhuka, pamoja na soda ya tangawizi. Ukiwa pwani Konyagi hukubaliana na dafu, mradi dafu liwe limepoa na wewe uwe umekwisha kula.

Lakini mchanganyiko ninaouweka mbele ya yote ni Konyagi kwa toniki na ndimu. Toti moja, toniki mara tatu yake, barafu mbili, na nusu ya ndimu iliyokamuliwa palepale. Ndimu ya chupa haifai. Ina ukali wa siki, haina harufu ya ganda.

Uchungu wa toniki unatokana na kwinini, na kwinini ina historia nchini kwetu. Kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na miti ya kwinini ikapandwa huko. Vita Kuu ya Kwanza ilipowafungia njia ya bahari wasipate dawa kutoka kwao, walitengeneza kwinini yao Amani kutokana na magome ya miti hiyo. Baadaye, vita vilipowasukuma kusini, magome yalichemshwa na askari wakanywa maji yake. Yalikuwa machungu kupita kiasi, na kwa utani wakayaita pombe kali ya Lettow, kwa jina la jemadari wao, Paul von Lettow-Vorbeck.

Wapo wanaonywa toniki wakijidanganya kwamba wanajikinga na malaria. Sheria ya Marekani hairuhusu zaidi ya miligramu 83 za kwinini katika lita moja ya kinywaji hicho, ilhali dozi moja ya mtu mzima mgonjwa ni kama miligramu 600. Atakayetaka kujitibu kwa toniki itampasa anywe zaidi ya lita saba kwa mkupuo mmoja, kisha arudie mara tatu kwa siku. Mwenye homa na aende akapimwe.

Mimi naupenda uchungu ule kwa sababu nyingine. Sisi wa rika langu tuliomeza klorokwini utotoni hatutishwi na kitu kichungu. Tena uchungu una adabu: haukuruhusu kugugumia. Unakunywa funda moja, unaweka glasi chini, unazungumza na mwenzako. Glasi moja inaweza kukaa nawe saa nzima. Utamu hauna adabu hiyo. Soda tamu huufunika ukali, na mtu hunywa kileo kikali kwa mwendo wa kiu.

Nasema hivi nikimkumbuka mwalimu kijana wa hisabati aliyefundisha chini yangu miaka ya 1990, mmoja wa walimu bora niliopata kuwa nao. Ubao wake ulikuwa msafi, na mtoto mzito aliweza kuelewa sehemu kwa kuonyeshwa chungwa lililokatwa. Juu ya meza yake palikuwa daima na chupa ya soda. Alikuwa akimwaga sehemu yake, anajazia kiroba, anakunywa kidogokidogo toka asubuhi. Hakupepesuka, wala hakunuka sana. Tulipogundua, nilimwita tukazungumza, na familia yake ikamwita. Alijitahidi kwa muhula mmoja. Tulimzika kabla hajafikisha miaka 40, ini likiwa limekwisha.

Hesabu yake ilikuwa rahisi, na yeye ndiye angeweza kuifundisha vizuri kuliko mimi. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25 za alkoholi. Kipakiti cha mililita 100 chenye asilimia 35 kilikuwa na mililita 35. Kwa hiyo vipakiti viwili ndani ya soda vilikuwa karibu bia tatu, na vilitosha mfukoni mwa shati. Serikali ilipopiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, wapo waliolalamika kwamba mnyonge ameonewa. Mimi nilimkumbuka kijana yule na chupa yake ya soda.

Gongo nayo, ambayo sheria yetu iliikataza tangu mwaka 1966, haina mwenzi, hunywewa kavu. Hatari yake si ukali tu. Mnywaji hajui ukali huo ni kiasi gani, wala hajui kama ndani yake mna methanoli, sumu isiyo na ladha ya kukuonya. Mwezi Novemba 2000 pombe yenye sumu hiyo iliua watu zaidi ya 100 jijini Nairobi. Hapo ndimu haisaidii.

Siku hizi glasi yangu ni moja, Jumamosi jioni, na mke wangu huitazama ikimiminwa. "Mwalimu," husema, "hiyo ni toti au ni kisima?" Nami huipunguza. Vijana wakiniuliza wachanganye nini, huwaambia wachague kitu ambacho hakifichi kilichomo ndani ya glasi. Wasome asilimia kwenye chupa, wapime kwa toti badala ya jicho, na wasimwamini anayewaambia kwamba kinywaji chake hakisikiki.