Riwaya za Nyuma ya Kaunta

Kamembe, Rusizi

Mpwa wangu mpendwa,

Bibi yako anaendelea vizuri isipokuwa magoti, na kila nikishika kalamu ananiambia nikusalimu kwa niaba yake, kwa hiyo salamu hizo zipokee mwanzoni kabisa, tuendelee na yetu.

Umeniandikia kwamba wenzako wa bweni hapo Huye walikucheka walipokukuta na riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, na kwamba mmoja alisema hizo ni hadithi za kupotezea muda, fasihi yenyewe iko kwingine. Kisha ukaniuliza mimi, ambaye sina cheti chochote cha fasihi, husoma riwaya za aina gani. Jibu fupi ni kwamba nasoma zote, mradi zifike Kamembe. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya nchi yetu tangu 2017, na tangu zamani ni lugha ya soko, ya msikitini, ya watu wa Bugarama na ya ndugu zetu wa ng'ambo ya daraja. Lakini mimi hapa mjini sijabahatika kuona rafu ya riwaya za Kiswahili dukani. Zangu zililetwa na madereva wa malori kutoka Dar es Salaam, na nyingine nilizinunua Bujumbura na Bukavu zikiwa zimekwisha kupoteza majalada. Mtu wa namna hii hachagui, anapokea.

Na kwa kuwa riwaya nyingi nilizisoma nyuma ya kaunta, vitenge vikiwa vimening'inia juu ya kichwa changu, nitakueleza kwa lugha ya duka. Kila aina ya riwaya inapatana nawe bei mlangoni. Ya upelelezi inasema, nivumilie, nitakuonyesha aliyeua. Ya ujasusi inasema, panda, tunakwenda mbio. Ya mapenzi inaahidi moyo kudunda. Mimi humdai mwandishi kile alichoniahidi tu. Simdai Bwana Msa machozi, wala simdai Kezilahabi risasi.

Nianze na huyo Bwana Msa, mpelelezi wa Mzimu wa Watu wa Kale, maana ndiye aliyekutia aibu. Muhammed Said Abdulla aliyemtunga alikuwa Mzanzibari, mhariri wa jarida lililoitwa Mkulima. Hadithi hiyo unayochekewa ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958 lililoandaliwa na shirika la vitabu la Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, ikatoka kuwa kitabu 1960. Waambie hao wa bwenini kwamba walimu wa fasihi wanaihesabu miongoni mwa riwaya za mwanzo kabisa za upelelezi katika Kiswahili. Wakisema Bwana Msa na kiko chake wamechukuliwa kwa Sherlock Holmes, wakubalie, ni kweli. Halafu waulize ni lini Holmes aliwahi kuongea Kiswahili cha Unguja kitamu namna ile.

Kitabu hicho hakifai kusomwa dukani. Mteja mmoja akiingia kuuliza bei ya kitenge cha nta, nikirudi nakuta nimepoteza uzi: nani alimwona nani, saa ngapi, na kwa nini Najum, rafiki wa Bwana Msa, hakusema mapema. Nilikihamishia usiku. Na mara ya pili, muuaji nikiwa namjua tayari, ndipo kiliponinogea zaidi, maana sikuwa na haraka tena; nilikaa kusikiliza mazungumzo. Watu wa Abdulla wanaongea kama watu walio barazani, wanazunguka, wanataniana, wanaficha jambo ndani ya adabu. Mpelelezi wake hakimbizani na mtu. Anakaa, anawaza, anavuta kiko.

Kuna jambo jingine ambalo sijawahi kumwambia mtu. Katika riwaya ya upelelezi maiti huwa ni mmoja, wakizidi sana wawili. Na kwa ajili ya huyo mmoja dunia nzima inasimama: wanaulizwa majirani, zinapimwa nyayo, hakuna anayeruhusiwa kwenda zake mpaka ajulikane nani kamuua na kwa nini. Mtu wa rika langu aliyekuwa hapa Cyangugu mwaka 1994 anaweza kuelewa kwa nini jambo hilo linamliwaza. Wanaoziita hadithi za kupotezea muda huenda hawajawahi kuihitaji faraja hiyo, na Mungu awaepushe nayo.

Willy Gamba, yule jasusi, ni habari nyingine. Huyo ndiye wa dukani hasa; unaweza kumwacha katikati ya ngumi, ukapima kitambaa, ukarudi ukamkuta bado anapigana. Elvis Musiba alimleta 1974 katika Kufa na Kupona, na baadaye akampeleka hadi Kinshasa katika Kikosi cha Kisasi. Kijana wa hapa mpakani, aliyezoea kuiangalia Zaire kila asubuhi ng'ambo ya mto, alikisoma kile kitabu akijiona naye ana sehemu katika vita vya ukombozi wa kusini mwa Afrika. Leo nikikirudia nacheka. Hoteli zote anazijua, wanawake wote wanamwelewa kwa kumtazama tu, na simkumbuki hata mara moja akipanga foleni kugongesha kibali kama sisi tunavyopanga pale mpakani Rusizi ya Kwanza. Lakini nacheka bila dharau. Aliniahidi mbio, na mbio nikazipata. Ben Mtobwa na Joram Kiango wake nawaweka kundi hilohilo, ila Mtobwa, mtu wa Kigoma, ana jicho kali zaidi kwa mji wa usiku na kwa watu wanaoishi kwa ujanja. Nikilazimishwa kuchagua kati ya hao wawili namchukua Mtobwa.

Za mapenzi, nikuambie ukweli, nyingi zimenichosha. Sizungumzii mapenzi yenyewe. Nachoka mwandishi anapowafanya wapenzi wawe wazuri mno, mpaka kikwazo kinabidi kiletwe kutoka nje, mara tajiri, mara ajali ya gari. Katika Vuta N'kuvute Adam Shafi hakufanya hivyo. Yasmin ameozwa akiwa binti mdogo kwa Bwana Raza, mfanyabiashara mwenye umri wa kuwa babake, naye anaondoka. Anampenda Denge, na Denge ana mpenzi mwingine mzito kuliko mwanamke yeyote, nao ni uhuru wa Zanzibar. Nilisoma nikiwa upande wa Yasmin, bila shaka, lakini katikati nikajishika nikimwonea huruma Raza. Labda ni kwa sababu nami ni mtu wa duka. Kitabu kinachoweza kukufanya umhurumie mtu ambaye huko nyumbani ungempigia kelele, hicho usikiuze. Filamu aliyoitengeneza Amil Shivji mwaka 2021 niliiona kwenye simu ya rafiki, kioo kidogo, sauti mbovu. Bahari nilipenda. Denge wangu hakufanana na wao, na hilo si kosa la mtu.

Sasa Rosa Mistika. Hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu najua utakuja kukisoma, na ni afadhali ukisome ukijua mjomba wako alikisoma vipi. Euphrase Kezilahabi alikuwa mtoto wa Ukerewe, kisiwani, katika ziwa kubwa kuliko letu. Kitabu kilitoka 1971 na kwa muda kilizuiwa mashuleni, ndiyo maana kila mwanafunzi alikitafuta. Mimi nilikipata kijana, nikakisoma kwa sababu ileile mbaya waliyokisomea vijana wote: tuliambiwa kuna mambo ndani yake. Mambo hayo yakanipita. Nilichobaki nacho ni Zakaria, baba mlevi, anayempiga bintiye kwa ajili ya barua ya mvulana. Msichana amefungiwa nyumbani kama mali ya thamani, kisha anatolewa ghafla kwenda duniani bila kufundishwa lolote juu ya dunia hiyo.

Miaka ilipita, nikawa na mabinti wangu. Nikakifungua tena, nikashindwa kumsoma Zakaria nikiwa nimekaa sebuleni na wao. Maana mara ya kwanza nilimchukia kwa urahisi, na mara ya pili nilisikia baadhi ya sentensi zake katika vinywa vya wanaume ninaowaheshimu, waliokaa nami barazani wakilalamika juu ya wasichana wa siku hizi na simu zao. Kitabu kimekasirisha wengi kwa sababu ya Rosa. Kilipaswa kuwakasirisha kwa sababu ya baba yake. Mwisho wake unaumiza, sitakuficha. Usikisome wiki ya mitihani.

Kezilahabi huyohuyo ndiye aliyeandika Nagona mwaka 1990. Ni kijitabu chembamba. Nilidhani kitakwisha alasiri moja. Mpwa wangu, bado hakijakwisha. Kila ukurasa naelewa maneno yote na sielewi kinachotokea. Kuna safari, kuna kutafuta, kuna watu wanaoongea kama waliokwisha kufa zamani. Mwalimu mmoja wa hapa alinieleza falsafa ya kitabu hicho mpaka chai ikapoa, nikashukuru, nikarudi kwenye kitabu, nikakikuta palepale. Wewe uliye chuoni huenda ukapenya. Mimi sioni haya kusema kwamba sikupenda, kama ambavyo sioni haya kusema kwamba Kusadikika ya Shaaban Robert ya 1951, ile nchi inayoelea angani na kesi ya Karama, nilipokuwa mtoto niliipenda kwa sababu ya safari za wajumbe tu, na maneno ya mahakamani niliyaruka. Siku hizi naruka safari nasoma mahakama.

Za Kifaransa nimesoma chache, kwa mwendo wa kobe, kwa Kifaransa changu cha darasa la zamani. Ukitoka Huye kuja likizo, katikati ya Nyungwe unavuka ule mgongo wa milima ambapo mvua ya upande mmoja inakwenda Nile na ya upande wetu inakwenda Kongo. Scholastique Mukasonga aliweka shule ya wasichana juu ya milima ya namna hiyo, karibu na chanzo cha Nile, akaiita Notre-Dame du Nil. Kitabu kikapata tuzo ya Renaudot huko Ufaransa mwaka 2012. Kinaanza kama hadithi ya shule yoyote: masista, mvua, umbeya wa mabweni, mabinti wa wakubwa wanaoringa. Nilicheka. Na nilipokuwa bado nacheka, kicheko kikaanza kuniwia kizito, kwa sababu mwandishi anajua sisi wasomaji wa hapa tunajua linakokwenda neno dogo linalosemwa mezani juu ya nani anastahili kuwa shuleni na nani hastahili. Msomaji wa Paris atashtuka mwishoni. Sisi tunashtuka ukurasa wa mwanzo.

Petit Pays ya Gaël Faye, ya 2016, niliisoma kwa wivu. Gaby yuko Bujumbura, mji unaanza kuwaka, na jirani yake, mama mmoja wa Kigiriki, ana nyumba iliyojaa vitabu na anamwazima kimoja baada ya kingine. Sisi tuliokulia kwenye vitabu visivyo na jalada tungefanya nini na jirani kama huyo! Zile kurasa anazokuja Bukavu nilizisoma kwa jicho la mwenyeji anayetafuta kosa. Ziwa amelipata sawasawa.

Kuhusu Murambi ya Boubacar Boris Diop nitasema kidogo. Ni Msenegali, alikuja Rwanda 1998 pamoja na waandishi wengine wa Afrika, na kitabu kikatoka 2000. Murambi si mbali na hapo ulipo. Nilipomaliza, kijana aliyeniazima aliniuliza kama nimekipenda. Swali hilo nalielewa kwa Willy Gamba, nalielewa hata kwa Rosa. Kwa riwaya ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi sikuwa na namna ya kulijibu. Nilimrudishia kitabu chake nikamwambia kimeandikwa na mtu aliyesikiliza. Mimi vitabu hivyo sivisomi mwezi wa Aprili. Aprili tuna ya kwetu ya kukumbuka. Nakusihi nawe usiingizwe kwenye mashindano ya nani amevisoma vingapi. Ukifika ukurasa usiopitika, funga, nenda kwa wenzako mkale.

Basi. Nimempa dereva mfuko wenye Vuta N'kuvute, Rosa Mistika, na Nagona yenyewe, hiyo uichukue kabisa. Sambaza kavu zilizomo, yaani dagaa wetu, ni za bibi yako kwako, si za bweni zima. Mzimu wa Watu wa Kale ubaki nao mpaka umalize, ila usianze kugawa kwa hao waliokucheka kabla hawajaomba. Na wakiomba, waandikishe majina, maana kitabu hicho sitakipata tena. Ukimaliza Rosa, niandikie ulimkasirikia nani zaidi na ukurasa gani ulikufanya hivyo. Na kama hukubaliani nami juu ya Bwana Raza, leta hoja zako, tutazisikiliza likizo mama yako akiwepo, kwa sababu yeye hampendi hata kidogo.

Akupendaye,
Mjomba wako