Dawa Inapovuka Mpaka

Kwetu Mahagi mtu hahitaji ndege ili afike nchi ya kigeni. Hupanda pikipiki, hushuka Goli, huonyesha karatasi zake, na mara yuko Uganda. Wajomba zetu wako Nebbi na Paidha, na Kialur kinasemwa huku na huko. Kwa sababu hiyo tunavuka bila kujitayarisha, kama mtu aendaye kisimani. Nataka kuwaandikia, ndugu vijana, juu ya mtu asiyeweza kusafiri hivyo. Namjua kwa karibu, maana figo inayomweka hai ilikuwa yangu.

Mdogo wangu alipandikizwa figo nchini India mwaka 2018. Uganda ilikuwa bado haijaanza kazi hiyo. Hospitali ya Mulago ilifanya upandikizaji wake wa kwanza mwishoni mwa mwaka 2023. Juu ya upasuaji wenyewe sitasema mengi. Watu wengi hutaka kuona kovu, wakashangaa, wakamshukuru Mungu, wakaenda zao. Wachache huuliza juu ya yanayofuata, ambayo hayana mwisho. Mwili haukubali kwa urahisi kiungo cha mwingine, hata kikitoka kwa dada wa tumbo moja. Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofaulu kweli, ule wa Boston mwezi wa Desemba 1954, ulifaulu kwa kuwa mtoaji na mpokeaji walikuwa mapacha wa kufanana kabisa. Sisi wengine tunahitaji dawa za kupunguza kinga ya mwili, kila siku, maisha yote. Iliyo kubwa kati ya zile za mdogo wangu huitwa takrolimasi. Wajapani waliigundua mwaka 1984 katika vijidudu vya udongo wa Mlima Tsukuba. Humezwa kila baada ya saa 12. Ikipungua katika damu, mwili huanza kuishambulia figo. Ikizidi, dawa yenyewe huiumiza.

Basi hapo ndipo mpaka wa Goli unapokuwa kitu kingine. Mahagi iko nyuma ya Uganda kwa saa nzima. Ukivuka saa 4 kamili ya Mahagi, upande wa pili wamekwisha kufika saa 5. Tena kwetu kuna fujo nyingine ya nyumbani: wazee huhesabu saa kwa Kiswahili, na shule imetufundisha kuhesabu kwa Kifaransa, hata saa moja ya bibi ni saa saba ya mjukuu. Kwa chakula cha jioni haidhuru. Kwa dawa ya saa 12, inadhuru. Mdogo wangu huandika kwa tarakimu tu, 7.00 na 19.00, naye anazo saa mbili: ile ya mkononi huifuata nchi aliyomo, na ile ndogo iliyo ndani ya mfuko wa dawa haibadilishwi kamwe, ni saa ya Mahagi. Akiwa Kampala humeza saa 8.00 na saa 20.00 za huko, na hesabu haikosi.

Mara kadhaa kwa mwaka huenda Kampala kupimwa kiasi cha dawa katika damu. Damu hiyo hutolewa kabla ya kumeza dawa ya asubuhi, la sivyo kipimo hakina maana. Kwa hiyo hawezi kuwasili asubuhi. Sharti alale huko, na kesho yake aingie maabara akiwa na kidonge mfukoni, akimeze mara tu sindano inapotoka.

Juu ya mzigo, nitasema kwa ukali kidogo, kwa kuwa nimeona wengi wakidharau. Begi la dawa halipandi juu ya basi wala haliingii buti. Huko kuna joto, kuna mvua, kuna mikono ya watu. Katika ndege pia, begi lililokabidhiwa laweza kwenda mji mwingine. Dawa hukaa mwilini mwa msafiri, ndani ya maboksi yake yenye jina lake, si katika vikaratasi vilivyofungwa fundo ambavyo askari wa forodha hawezi kuvijua. Nikisafiri naye, nabeba nusu yake. Barua ya daktari iko katika Kifaransa na Kiingereza, nayo hutaja jina la dawa yenyewe pamoja na jina la kiwanda, kwa sababu takrolimasi iko ya namna mbili: ya kumeza mara mbili kwa siku, na ya mara moja. Mfamasia wa ugenini akikubadilishia bila kujua, jina ni lile lile, lakini kazi si ile ile. Na siku za dawa zipite siku za safari, tena kwa wingi. Sisi wa Ituri twajua kwa nini. Barabara ya kutoka Bunia imefungwa na mashambulio mara ngapi? Na mwezi wa Machi 2020, kwa ajili ya korona, Uganda na Kongo zilifunga mipaka kwa abiria. Farmasi za Mahagi hazikuwa na dawa hiyo. Mdogo wangu alikuwa na vidonge vya siku 19. Malori ya bidhaa yaliruhusiwa, na dereva mmoja, baba mtu mzima tusiyemjua, alipokea kifurushi Kampala akakileta hadi Goli akiwa amekiweka chini ya kiti chake. Vilikuwa vimebaki vya siku 4. Alikataa hata fedha ya chai.

Liko jambo la kadi ya manjano pia. Chanjo ya homa ya manjano ina kirusi hai kilichodhoofishwa, na kwa kawaida aliyepandikizwa kiungo hapewi chanjo za namna hiyo. Mdogo wangu alichanjwa kabla ya kwenda India, maana India huidai kwa atokaye kwetu, na tangu Julai 2016 cheti hicho hudumu maisha yote. Asiye nacho huomba daktari cheti cha msamaha, lakini auulize kwanza ubalozi wa nchi aendayo, kwani nchi hailazimiki kukikubali.

Sasa niseme juu ya Namugongo, kwa kuwa wengi wenu mtakwenda huko siku ya Mashahidi, tarehe 3 Juni. Katika hija yake ya kwanza baada ya kupona, mdogo wangu alikuwa akijificha nyuma ya basi kila ifikapo saa ya dawa. Kijana anayemeza vidonge kwa saa maalumu, kwetu watu wanakwisha kumhukumu: wanasema ana ukimwi. Neno hilo lilizunguka basini kabla hatujafika Pakwach. Mimi naona siri ya ugonjwa ni haki ya mwenyewe, na hakuna anayelazimika kuieleza kwa umati. Lakini watu wawili safarini wajue, mmoja wao akiwa kiongozi wa kundi. Kule Karuma alimwambia kiongozi wetu, na kuanzia hapo akawa na mtu wa kumkumbusha, wa kumlindia nafasi mbali na wanaokohoa, na wa kumwambia mwenzetu mwenye huruma nyingi asimpe ile diklofenaki yake ya maumivu ya mgongo. Diklofenaki na ibuprofeni zaweza kuiumiza figo. Hata baadhi ya dawa za fangasi na za vifua, na tunda la balungi, hupandisha takrolimasi katika damu, rifampisini huishusha. Kidonge chochote kipya kimsubiri daktari.

Maji ya Namugongo yalimtia majonzi. Mahujaji huyachota kwa imani, wakayanywa na kuwapelekea wagonjwa nyumbani. Yeye, mwenye kinga iliyopunguzwa, hawezi kunywa maji yasiyochemshwa. Mama mmoja mzee alimwona akikataa kikombe, akamwuliza kama hana imani. Alijipaka usoni tu, akanyamaza.

Na Komunyo je? Kijana mwingine aliniuliza kama mgonjwa aikose dawa yake ili ashike mfungo. Hapana. Kanuni ya 919 ya Sheria ya Kanisa inasema mfungo wa saa moja hauvunjwi na maji wala na dawa, na wagonjwa pamoja na wanaowatunza wamelegezewa hata chakula. Takrolimasi humezwa vizuri tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula. Mdogo wangu hucheka kwamba dawa yake na Kanisa vinakubaliana.

Mwezi wa Agosti 2027 Siku ya Vijana Duniani itafanyika Seoul, na kundi la parokia yetu limeanza kuweka akiba. Huko 19.00 ya Mahagi ni saa 2.00 usiku wa manane. Saa ndogo ya mfukoni haitatosha. Zamu za dawa zitapaswa kusogezwa, na wa kusema zisogezwe vipi ni daktari. Mdogo wangu hana bado hata robo ya nauli. Swali lenyewe amekwisha kuliandika katika daftari lake, kwa ajili ya miadi ijayo ya Kampala.