Galaksi, Ngeli na Swali la Kiboko

Sisi tuliozoea kuwaongoza wanafunzi katika msitu wa ngeli hatukutazamia hata siku moja kupata somo la sarufi kutoka mbinguni. Walakini ndivyo ilivyotokea. Mwezi wa Januari, hapa kwetu Uganda, mwenzetu afundishaye fizikia alitualika uwanjani yapata saa tatu za usiku. Umeme ulikuwa umekatika, na mwezi ulikuwa haujachomoza. Akatuelekeza upande wa kusini, tukaona doa hafifu mfano wa moshi wa jiko. Tukadhani ni wingu. "La," akasema, "hiyo ni galaksi, kundi la mabilioni ya nyota. Huitwa Wingu Kubwa la Magellan. Nuru mnayoipokea sasa ilianza safari yake yapata miaka 160,000 iliyopita."

Tukaona haya. Umri wetu umevuka miaka arobaini, stashahada ya ualimu tunayo, na miaka yote hiyo tulilipita doa lile bila kuuliza. Basi tukamwomba vitabu, tukaanza kusoma.

Tulisoma kwamba hata wataalamu wenyewe walichelewa kujua. Mwaka 1920, mjini Washington, Harlow Shapley na Heber Curtis walijadiliana hadharani iwapo madoa yenye umbo la mzunguko yako ndani ya galaksi yetu au mbali nje yake. Mwaka 1923 Edwin Hubble, akitumia darubini kubwa ya Mlima Wilson kule California, aliona katika doa la Andromeda nyota ambayo mwangaza wake hupanda na kushuka kwa kipimo. Henrietta Leavitt alikwisha kuonyesha kuwa nyota za namna hiyo hufaa kupimia umbali. Hubble akapima, na ikadhihirika kuwa Andromeda ni galaksi nyingine kabisa.

Mwaka 1926 Hubble akazipanga galaksi kwa maumbo yake. Ziko za duaradufu, laini kama yai. Ziko za mzunguko, zenye mikono inayojipinda kama gamba la konokono. Ziko za mzunguko zenye upau katikati, na galaksi yetu tunayokaa imo humo. Mwisho ziko zisizo na umbo maalumu. Mwaka 1936 mpango huo ulionyeshwa kwa mchoro mfano wa panda ya manati iliyolazwa ubavu: mpini ni duaradufu, na matawi mawili ni zile za mzunguko.

Sasa tazameni nguvu ya maneno. Galaksi za upande wa mpini Hubble aliziita "za mwanzo", na za upande wa matawi "za mwisho". Mwenyewe alionya kuwa maneno hayo yahusu nafasi katika mchoro, wala si wakati. Hata hivyo wako waliodhani kuwa duaradufu hukua na kuota mikono. Leo yafahamika kuwa galaksi nyingi kubwa za duaradufu zilitokana na galaksi nyingine kugongana na kuungana. Jina la kundi lilikuwa limewapotosha watu.

Hapo ndipo tulipokumbuka kosa letu. Katika mtihani tuliwataka wanafunzi wayaweke majina katika ngeli zake. Binti mmoja wa mwaka wa pili aliliandika neno "kiboko" mara mbili, katika A-WA na katika KI-VI. Tukapiga mkasi mwekundu. Alikuja mezani na karatasi yake, akasema kwa adabu, "Mwalimu, kiboko anaoga, lakini kiboko kimekatika." Tukamjibu, "Jina moja, ngeli moja. Rudi ukae." Alirudi akakaa. Tangu siku ile hakuinua mkono tena.

Katika kusoma kwetu tulikutana na habari za mwalimu mwenzetu wa Uholanzi, Hanny van Arkel. Mwaka 2007 wataalamu waliwaomba watu wa kawaida wawasaidie kuainisha galaksi kwa kutazama picha, maana zilikuwa karibu 900,000. Mwalimu huyo aliona karibu na galaksi moja doa la ajabu lisiloingia katika kundi lolote. Angeweza kulipita. Yeye akauliza ni nini. Wataalamu hawakumwambia arudi akae. Walichunguza, wakagundua wingu kubwa la gesi lililoangazwa na mwanga mkali wa kitovu cha galaksi ile, mwanga ambao tangu hapo umefifia. Kile kisichoingia katika kundi kilikuwa kimehifadhi historia ya jirani yake. Kwa Kiholanzi walikiita "Voorwerp" cha Hanny, yaani kitu cha Hanny tu.

Na kiboko je? Fimbo ile iliitwa hivyo kwa sababu ilitengenezwa kwa ngozi ya mnyama huyo. Mnyama ana uhai, hivyo huchukua upatanisho wa A-WA. Fimbo haina, ikabaki KI-VI. Historia nzima ilikuwa katika karatasi ya binti yule, nasi tukaikata kwa wino.

Jumatatu iliyofuata tulimwomba karatasi yake mbele ya darasa, tukaufuta mkasi, tukakiri kosa letu. Hatusemi kuwa ngeli hazifai. Bila makundi hatuwezi kufundisha, wala wataalamu hawawezi kuhesabu mbingu. Twasema tu kuwa kundi ni mwanzo wa swali.

Darasa lilinyamaza kitambo. Kisha mkono ule ukainuka.

"Na kifaru, Mwalimu? Yuko wa porini, na kipo cha wanajeshi."

Swali hilo tulilijadili hadi kengele ikalia.