Jubilei Rombo: mamilioni ya bweni na swali la mlango wa pili

Safari ya Rombo inaanzia Himo. Unashuka kwenye basi la Moshi, unahamia kwenye Noah ambayo haiondoki mpaka ijae na kupitiliza, kisha mnaanza kupanda: Marangu Mtoni, Mwika, Mamsera, Mkuu. Wenye safari ndefu wanaendelea hadi Useri na Tarakea, jirani na mpaka. Kulia, chini kabisa, ni tambarare kavu za Kenya. Kushoto ni migomba na kahawa, na juu yake Mawenzi yenye meno. Kibo huku imejificha nyuma, na Mrombo hakuombi radhi kwa hilo.

Jumamosi ile barabara ilijaa Kosta za kukodi zilizofungwa riboni, ndani wamejaa kina mama waliovaa kitenge kimoja chenye nembo ya shule na tarakimu 25. Sekondari ya wasichana ya Kanisa Katoliki ilikuwa inaadhimisha jubilei ya fedha. Jina lake sitalitaja. Nitakayosimulia yapo katika shule nyingi za bweni, za dini na za serikali, na sitaki mzazi wa shule nyingine asome akidhani hayamhusu.

Nilikwenda kama mama mdogo. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ana binti kidato cha tatu pale, na kadi ya mchango ilikuwa imefika nyumbani kwake tangu Juni: kila mzazi asipungue 50,000, lengo likiwa milioni 120 za kujenga bweni jipya.

Mgeni anaweza kushangaa watu wa vijijini wanavyotoa fedha kwa shule ya jimbo wakati za serikali zipo. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za umma iliondolewa mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita ikafuata mwaka 2022. Lakini habari ya shule za misheni mlimani hapa ni ndefu. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 walipanda Kilimanjaro wakaanzisha misheni ya Kilema mwaka 1890, Kibosho mwaka 1893 na Rombo mwaka 1898. Palipojengwa kanisa palijengwa pia shule, na mara nyingi zahanati. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, serikali ikazichukua shule hizo. Pugu, alikofundisha Mwalimu Nyerere, ikaenda. Umbwe ikaenda. Seminari zikabaki.

Milango ilipofunguliwa tena kwa shule binafsi, Kanisa lilianza kujenga upya, na waliosomba mawe walikuwa wazazi. Mzee mmoja aliyeketi nyuma yangu kwenye Misa nilimuuliza shule ni ya nani, nikitarajia aniambie ya jimbo. Akanijibu: "Ni ya kwetu. Askofu anatutunzia."

Misa ilichukua saa tatu na nusu. Sitaisimulia, ila kwaya ya wasichana iliimba vizuri kiasi kwamba watoto wachanga walinyamaza.

Baadaye ukaja mnada, na hapo ndipo utamjua Mchagga. Mbuzi alianzia 150,000. Mfanyabiashara kutoka Arusha akamchukua kwa 300,000, akalipa, halafu akasema anamrudisha mnadani. Akauzwa tena 280,000 kwa wahitimu wa mwaka 2009, nao wakamrudisha. Mbuzi yule aliuzwa mara nne bila kutoka kwenye kamba yake. Mkungu wa ndizi ulifika 90,000. Jogoo mwekundu alinunuliwa na watoto wa kipaimara waliochangishana sarafu, na hao hawakumrudisha, waliondoka naye. Ndafu, yule mbuzi mzima aliyechomwa akapambwa kwa majani, alikuwa amesimama mezani mbele ya wageni kama bwana harusi.

Harambee yenyewe haikunifurahisha kama mnada. Mshereheshaji alikuwa anasoma jina na kiasi, jina na kiasi. Wahitimu wanaofanya kazi Dar es Salaam na Mwanza walisimama kwa makundi, milioni tatu, milioni tano, vigelegele. Kisha akasoma jina la baba mmoja, akatua kidogo, akasema "elfu tano" kwa sauti ya kuchekesha. Watu wakacheka. Binti wa yule baba alikuwa mstari wa pili wa kwaya, anaangalia viatu vyake. Kamati inaweza kusoma majina bila viwango na fedha ikapatikana ile ile. Wanaotaka kiwango chao kisikike watakitaja wenyewe. Hao hawajawahi kuhitaji msaada.

Hesabu ilipofika taslimu milioni 31 na ahadi milioni 58, mzee mwenye koti la kaki alinyanyua mkono. Ameahidi mifuko kumi ya saruji, alisema, na ana swali moja.

"Hilo bweni lina milango mingapi?"

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alimjibu kwa heshima: "Mzee wetu, ni miwili. Ramani iko pale ukutani."

"Na yale ya zamani, wanamolala sasa?"

Mshereheshaji alimpungia mpiga muziki. Padre aliyekuja kumwakilisha Baba Askofu akainua kiganja, muziki ukakatika.

Kwa msomaji wa mbali, hapo panahitaji maelezo. Juni 1994, katika Shule ya Sekondari ya Wasichana Shauritanga, huku huku Rombo, moto uliwaka bwenini na kuua wasichana wapatao 40. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Lakini waliokaa kwenye viti vya mbele siku ile, wenye nywele nyeupe, wengi walikuwa watu wazima mwaka huo, na nyuso zao zilibadilika kabla mzee hajamaliza sentensi. Mwaka 2009 yakatokea ya Idodi, Iringa, wasichana 12. Kila mara huundwa tume, kila mara husemwa mambo yale yale kuhusu milango, madirisha na msongamano.

Katika kazi yangu ya kuandika habari za afya nimewasikiliza madaktari wakieleza mara nyingi jinsi moto wa bweni unavyoua. Aghalabu moshi hutangulia. Godoro la sponji likiungua hutoa moshi mzito wenye sumu, na mtu aliyelala anaweza kuishiwa nguvu kabla mwali haujafika kitandani kwake. Anachohitaji ni kutoka haraka, gizani, akiwa na hofu, pamoja na wenzake hamsini. Kifaa cha kuzimia moto ni kizuri, ila mtoto wa miaka 15 anayekohoa hakitafuti. Anatafuta mlango.

Mzee hakusema lolote kuhusu Shauritanga. Alisema tu kwamba angependa kuona. Padre akamjibu kuwa baada ya chakula wazazi wanaopenda watatembezwa, na akaongeza, kwa utani kidogo, kwamba chakula kwanza maana ndafu haingoji.

Tulikwenda kama watu 30. Bweni la kwanza lilikuwa safi, limepigwa deki, vitanda vya dabodeka vimetandikwa kwa shuka za bluu. Mlango wa mbele mpana. Mlango wa pili ulikuwepo kweli, mwisho wa chumba, wa chuma. Mbele yake kulikuwa na dabodeka mbili na rundo la masanduku ya bati, na kwenye mlango kufuli kubwa. Madirisha yote yalikuwa na nondo.

Dada yangu alishika mdomo. Binti yake analala kitanda cha nne kutoka hapo.

Matroni hakukasirika wala hakujificha. Alieleza, na nilimwelewa. Miaka ya nyuma vijana waliingia usiku kupitia mlango ule, na wazazi hao hao walikuja juu wakitaka ufungwe. Funguo anazo yeye, na analala chumba cha jirani. Vitanda vimefika pale kwa sababu wanafunzi wameongezeka na nafasi haijaongezeka, ndiyo maana linaombwa bweni jipya. Kila sentensi ilikuwa ya kweli. Na kila mmoja wetu alikuwa anapiga hesabu ileile kichwani: matroni aamke, apate funguo, azunguke nje ya jengo, afungue, halafu wasichana wasukume dabodeka mbili.

Baba mmoja, fundi seremala wa Mkuu, aliuliza swali ambalo mimi singelifikiria. Kwa nini kufuli, isiwe komeo la ndani? Komeo linafungwa na kufunguliwa kwa mkono kutoka ndani, wa nje haingii. Matroni akasema wasichana watatoroka. Mama mmoja akasema afadhali atoroke, nitamtafuta. Hakuna aliyemjibu.

Fundi alipanda bodaboda kwenda Mkuu na kurudi na makomeo manne, mawili kwa kila bweni, 12,000 kila moja. Aliyafunga hapo hapo akiwa na suruali yake ya sherehe, wasichana wakimshikia tochi ya simu. Kina baba wakahamisha vitanda vinne, na ikabidi tukubaliane vikae wapi, maana nafasi haikuwepo. Viwili vilipelekwa chumba cha kupigia pasi. Viwili viliingia kwa muda kwenye chumba cha wagonjwa, ambacho kina vitanda vitatu tu kwa shule nzima, na hilo nalo ningeliandikia ukurasa wake.

Nondo za madirisha hazikuguswa siku ile. Sista Mkuu alisema fundi wa kuchomelea ataitwa likizo ya Desemba, akate dirisha moja kila upande na kulifunga bawaba, lifunguke kwa ndani. Kazi hiyo haikuwamo kwenye kadi ya mchango, kwa hiyo wazazi wa kidato cha tatu wameanza kuichangia kwenye kundi lao la WhatsApp. Hadi jana usiku walikuwa wamefika 410,000. Dada yangu ndiye mweka hazina, na tayari analalamika kuhusu wanaoahidi bila kutuma.