Bahasha Niliyopewa kwa Ajili ya Mwanafunzi Wangu



Wazazi wenzangu, na nyinyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, leo sina darsa. Nina jambo langu mwenyewe, na nimelichelewesha kwa sababu ya haya.

Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Buyenzi, Bujumbura. Mwaka 2021, baada ya swala ya isha, alinijia mzee mmoja fundi wa kuchomelea vyuma. Mwanawe nilimfundisha mimi tangu alifu mpaka akahifadhi juzuu tano, kijana mwenye sauti nzuri kweli, kisha akaingia kwenye unga. Alikuwa ameshauza simu ya mama yake, akauza redio, na wiki ile alikuwa ameuza viatu vya shule vya mdogo wake. Mzee akaniambia, "Maalim, huyu ni mtoto wako pia. Nionyeshe pa kumpeleka."

Nami nilidhani ninapajua mahali. Siku chache nyuma alikuwa amekuja bwana mmoja, kanzu safi, maneno matamu, akitutembelea walimu mmoja mmoja. Alitueleza habari za kituo kilicho nchi ya jirani ambako vijana wanatibiwa kwa Qur'ani na mitishamba, na baada ya siku 90 wanarudi wazima kabisa. Alikuwa na picha za vijana wamekaa mkekani na misahafu mbele yao. Sikuuliza kama kuna daktari. Sikuuliza hata wale wa kwenye picha ni watoto wa nani.

Mzee akauza mashine yake ya kuchomelea, ile inayomlisha, akalipa miezi mitatu kwa mkupuo. Kijana akapanda basi. Siku ya pili yule bwana akapita nyumbani kwangu akaniachia bahasha, ndani franka elfu hamsini. "Ni hadiya tu, Maalim, ya kukushukuru." Nikapokea, nikalipa deni la dukani.

Mwezi wa kwanza mama alipopiga simu aliambiwa kijana yuko katika ibada, asisumbuliwe. Mwezi wa pili akaambiwa dawa imepanda bei, atume tena. Akatuma. Alipotaka kwenda kumwona, wakamwambia mgonjwa akimwona mzazi hurudi nyuma. Basi akaja kwangu kuniuliza kama hilo ni kweli. Nilimjibu, "Subiri, mama, wale ni watu wa dini." Jibu hilo silisahau.

Aliyetuokoa ni mjomba wa kijana, ambaye hakusubiri. Alikwenda bila kupiga simu. Akamkuta uani, mguu umefungwa mnyororo, yeye na vijana wengine, na hakuna daktari wala muuguzi. Zile siku za arosto, mwili unapouma wote na mtu anatapika na kuharisha, walikuwa wakimmwagia maji ya baridi na kumpiga fimbo, wakisema wanamtoa shetani. Yale mashuka meupe ya kwenye picha mjomba hakuyaona. Alimrudisha mtoto akiwa mifupa mitupu, na alama ya mnyororo iko kwenye kifundo cha mguu mpaka leo.

Nilipoanza kuulizia ndipo nikajua kuwa hatukuwa wa kwanza. Kaskazini mwa Nigeria, mtaa wa Rigasa katika mji wa Kaduna, Septemba 2019 polisi waliingia katika nyumba iliyojiita shule ya Qur'ani na mahali pa kuwarekebisha vijana wa dawa za kulevya. Wakatoa humo wanaume na watoto zaidi ya 300, wengine na minyororo miguuni na makovu mgongoni. Wazazi walikuwa wakilipa ada! Mwezi uliofuata yakafichuka kama hayo hayo huko Daura, katika jimbo la Katsina. Na tusiseme ni aibu yetu Waislamu peke yetu, maana Novemba mwaka huo huo shirika la Human Rights Watch lilieleza kuwa watu hufungwa minyororo pia makanisani, kwa waganga, hata katika vituo vya serikali ya Nigeria. Lakini mimi ni mwalimu wa madrasa, na iliyonichoma ni ile ya madrasa.

Wala si umaskini tu. Huko Arizona, Marekani, madalali walikuwa wakipita na magari katika ardhi za Wanavajo na makabila mengine ya wenyeji wa asili, wakiwachukua watu wenye uraibu kwa ahadi ya chakula na mahali pa kulala. Kisha wenye vituo wakaidai bima ya serikali fedha za matibabu ambayo hayakutolewa. Mei 2023 jimbo likasimamisha malipo kwa vituo zaidi ya 100, na hasara ilikadiriwa kufikia dola bilioni 2.5. Kuna waliojikuta barabarani Phoenix, mbali na kwao, bila nauli ya kurudi.

Nilipokuwa nasoma hayo nikakutana na jambo lililonitoa jasho. Tangu Oktoba 2018 Marekani wana sheria ya nchi nzima inayohusu watu wanaopeleka wagonjwa katika vituo vya uraibu kwa malipo. Anayetoa malipo na anayepokea wote wana kosa, na kifungo chaweza kufika miaka 10. Dalali wa wagonjwa, basi, ndiye mimi. Kanzu yangu ndiyo iliyomuuza kijana, maana mzee asingeuza mashine yake kwa neno la mgeni.

Na kila mwaka nawafundisha watoto habari ya yule mtu aliyetumwa na Mtume (SAW) kukusanya zaka, akarudi akitenga mali mafungu mawili, hili la zaka na hili alilopewa zawadi. Mtume akakasirika na kuuliza, kama angebaki nyumbani kwa baba yake na mama yake, zawadi hiyo ingemfuata? Nimeifundisha mara ngapi! Bahasha ilipokuja mlangoni sikuikumbuka.

Mzazi mwenye kijana kwenye unga, hili nalo nililipaswa kulijua mapema. Kijana aliyekaa wiki kadhaa bila kutumia, mwili wake umeshasahau kile kipimo cha zamani. Akitoka akarudia kiasi kile kile, kinaweza kumuua usiku huo huo. Kwa hiyo kumfungia tu halafu kumwachia mtaani, hata bila fimbo, ni hatari kubwa. Jirani zetu Tanzania walianza kutoa methadoni Muhimbili mwaka 2011. Mgonjwa hufika kila siku akainywa mbele ya mhudumu, kisha anarudi kwake. Hakuna mnyororo. Dua na Qur'ani tunamsomea, nani atakataa? Lakini anayekuambia vinatosha bila hospitali, na hapo hapo anadai miezi mitatu taslimu na kukuzuia usimwone mwanao, huyo mwache.

Hivi karibuni amenijia mwingine, na picha zake vile vile. Nilimuuliza kama naweza kufika kituoni na mama wa mgonjwa siku yoyote, bila taarifa. Akasema atauliza wakubwa zake. Bado nasubiri.

Zile elfu hamsini nilizikusanya upya nikampelekea mzee kwenye karakana yake, ambako siku hizi anachomelea kwa mashine ya kuazima. Nikamweleza zilikotoka. Kijana alikuwepo, ameshika kipande cha bati, akaacha kazi kunisikiliza. Alirudi kwenye unga mara moja baada ya yale, sasa ana miezi saba hajagusa, alhamdulillah. Mzee akazihesabu, akazitia mfukoni. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akamwambia mwanawe, "Mletee Maalim kiti."

Wassalaam alaykum.