Asali ya Kawempe na Mipaka Yake

Msafiri atokaye katikati ya Kampala kwa barabara ya Bombo hupita chini ya kilima cha Makerere, akavuka Bwaise, ndipo akaingia Kawempe. Njia hiyo huendelea kaskazini hadi Luweero na Gulu. Bwaise ni bonde. Mvua kubwa ikinyesha, maji huingia majumbani, na unyevu ukizidi, kikohozi hakikosi kubisha hodi.

Karibu na hapo lipo soko la Kalerwe, mashuhuri kwa vyakula vitokavyo mashambani. Asali, ambayo Waganda huiita omubisi gw'enjuki, ni dawa ya nyumbani tangu enzi za mababu, sawa na mumbwa, yaani vijiti vya udongo uliokandwa na mitishamba. Mnunuzi asiikatae asali kwa sababu imeganda: kuganda ni tabia yake, si dalili ya kuchanganywa na sukari.

Kwa kikohozi, kijiko kimoja hukorogwa katika maji ya uvuguvugu yenye ndimu. Sifa hii si ya bure. Mwaka 2018 wakuu wa afya wa Uingereza walishauri kwamba kikohozi cha kawaida kitibiwe kwanza kwa asali kabla ya kukimbilia antibiotiki. Asali ina sukari nyingi na maji machache, takribani asilimia 17 hadi 20, tena ina asidi. Vijidudu hunyang'anywa maji vikashindwa kustawi. Kwa sababu hiyo hiyo mwenye kisukari hana budi kujihadhari nayo.

Kwa ngozi, asali hulainisha midomo iliyopasuka na uso mkavu. Hupakwa, ikaachwa kidogo, kisha ikaoshwa. Aliyeungua moto aanze na maji safi ya baridi yatiririkayo kwa dakika 20, na jeraha kubwa lipelekwe hospitali. Asali itumiwayo na waganga hospitalini husafishwa kwa mionzi. Ile ya chupa ya sokoni haikusafishwa hivyo.

Lakini liko jambo moja lisilo na mjadala. Zipo familia ambazo kwa mapenzi humwonjesha asali mtoto mchanga. Mtoto asiyetimiza miezi 12 asipewe kamwe, hata tone la kidoleni. Asali yaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo changa haliwezi kuzishinda, wala kuichemsha jikoni hakuziui. Mtoto hufunga choo, hulegea shingo, hunyonya na kulia kwa unyonge, hata pumzi ikamwia nzito. Aonekanapo hivyo, apelekwe hospitali mara moja.

Wahenga walisema: fuata nyuki ule asali. Wa kula ni mkubwa na mtoto aliyevuka mwaka. Kwa mtoto wa miezi sita ya kwanza, maziwa ya mama yanatosha.