Mikumi, Sinia na Ukwaju

Kuna wikiendi zinazoanza kwa kununiana. Mimi na mume wangu tulishuka treni ya SGR Kilosa kila mtu akiangalia upande wake. Kisa? Sinia la shaba la marehemu bibi yake. Nililisafisha kwa dawa kali, likapata madoa meusi. Nikaomba hela ya krimu ya tartari, ule unga mweupe wa kuumulia keki, maana unang'arisha shaba. Akaguna: "Umeliharibu, sasa unataka kulipikia keki!"

Tukapanda basi hadi Mikumi, kimya. Pale mjini, kando ya barabara kuu ya Zambia, tulisimama kununua ukwaju.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mbona mmenuna?"

Mume wangu akamwaga yote! Mama akacheka: "Shaba si mnasugua kwa ukwaju na chumvi tu?"

Kumbe ni ndugu. Krimu ya tartari ni chumvi ya asidi ya tartari, hupatikana kwenye mashapo yanayoganda ndani ya mapipa ya mvinyo wa zabibu. Asidi hiyohiyo ndiyo inayoupa ukwaju uchachu. Viwandani hutiwa kwenye plasta ya jasi isigande haraka.

Angalizo: ndani ya Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964, usichume kitu. Nunua mjini.

Nyumbani tuliloweka ukwaju, tukapaka, tukasugua taratibu kwa kitambaa, tukasuuza. Sinia likawaka. Doa moja tu liligoma. Mume wangu akalitazama, akasema, "Liache. Hilo sasa ni letu."